Mfalme Aliyeomba Tusibomoe

Mỹ Sơn haionekani mpaka uwe umeshaingia ndani yake. Unatoka Hội An kabla jua halijachomoza, unapita mashamba ya mpunga na vijiji ambavyo watu wake wameamka zamani, halafu barabara inaanza kuitafuta milima. Ukifika getini unakata tiketi, unapandishwa kigari cha umeme, na bado huoni kitu zaidi ya msitu. Milima imelizunguka bonde lile pande zote, na upana wake ni kama kilomita mbili tu. Mlima mmoja umejitokeza kuliko mingine, kilele chake kimechongoka. Wenyeji wanaufananisha na jino la paka. Wenyewe wa zamani waliuona mtakatifu.

Nilikuwa nimekuja Đà Nẵng, katikati ya Vietnam, kwa mafunzo ya kazi, nikabakiwa na siku moja mkononi kabla ya safari ya kurudi. Wenzangu walikwenda ufukweni. Mimi nikatafuta mtu wa kunipeleka msituni.

Kijana aliyenipeleka aliniuliza umri kabla ya kuniuliza jina. Kivietinamu hakina "wewe" moja ya watu wote. Lazima mtu ajue kama wewe ni mkubwa au mdogo wake ndipo ajue atakuitaje. Nilipomtajia miaka yangu akacheka, akasema basi mimi ni *anh*, yaani kaka. Nikamwambia hata kwetu mazungumzo hayaendi vizuri mpaka ijulikane nani anampa nani shikamoo. Baada ya hapo tukaelewana, kwa Kiingereza chake na changu.

Jina Mỹ Sơn ni la Kivietinamu, maana yake mlima mzuri. Lakini waliojenga hapa hawakuwa Wavietinamu. Walikuwa Wacham, watu wa Champa, waliotawala pwani ya kati na kusini ya nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Walikuwa mabaharia na wafanyabiashara. Dini ya wafalme wao ilikuja na meli kutoka India: Shiva akiwa juu, kisha Vishnu, Brahma na wengine. Mji wao mkuu wa kale uliitwa Simhapura, mji wa simba, jina ambalo ni ndugu wa jina la Singapore. Ulikuwa mahali panapoitwa leo Trà Kiệu, si mbali na hapa. Bandari ilikuwa chini kabisa, mto Thu Bồn unapoingia baharini. Na huku juu, mbali na kelele za soko na za bandari, ndiko walikoweka mungu wao.

Kilichonivuta mimi hakikuwa picha za minara. Lilikuwa jiwe moja lenye maandishi.

Mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, Champa ilitawaliwa na mfalme aliyeitwa Bhadravarman. Ndiye aliyejenga hekalu la kwanza katika bonde hili, akaliwekea linga, jiwe la kusimama ambalo ni alama ya Shiva, akaliita Bhadreshvara. Jina hilo limeunganisha jina lake na la mungu wake. Kisha akaagiza maneno yachongwe kwenye jiwe kwa Kisanskriti. Mwanzo wake ukiusoma unadhani umeshika hati ya kiwanja. Anampa mungu ardhi ya bonde zima na kutaja mipaka: mashariki mlima fulani, kusini mlima mkuu, magharibi mlima mwingine, kaskazini mto mkubwa. Hakuna ushairi hapo. Ni mtu anayepima shamba.

Halafu anabadilika. Anaanza kuomba. Anawaambia watakaokuja baada yake wamhurumie, wasiharibu alichokitoa. Anaongeza na masharti. Ukibomoa, mema yako yote uliyoyatenda katika maisha yako yote, hili na mengine, yatakuwa ya kwake, na mabaya yake yote yatakuwa ya kwako. Ukitunza, thawabu ni yako peke yako, yeye hadai kitu.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilikaa nayo siku nzima. Mfalme ana jeshi, ana tembo, ana makuhani. Angeweza kutishia kwa mapanga. Lakini alijua panga halimfikii mtu ambaye hajazaliwa. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo hata mwanakijiji maskini anaweza kulifanya: akaomba, na akaweka rehani kile pekee ambacho aliamini kitabaki mkononi mwake akishakufa, yaani mema na mabaya yake. Na aliokuwa anawaomba ni pamoja na sisi. Mimi pia, na viatu vyangu vya matope.

Sasa tuone waliokuja baadaye walifanya nini.

Hekalu la Bhadravarman lilijengwa kwa mbao, na katika karne ya 6 likaungua. Mfalme Sambhuvarman, aliyefariki mwaka 629, akalijenga upya kwa matofali, na yeye naye akaliongezea jina lake: Sambhubhadreshvara. Kuanzia hapo kila mfalme alitaka kuacha kitu. Majirani walivamia, Champa ikavamia majirani, vita vikaisha, na mfalme aliyefuata akachonga jiwe kueleza jinsi alivyokuta uharibifu na jinsi alivyotengeneza. Ujenzi uliendelea hadi karne ya 13. Majengo yalifika zaidi ya 70. Nikiwaza miaka hiyo yote, karibu 900 ya kujenga na kurudishia, naona kwamba ombi la mfalme lilisikilizwa kuliko alivyotegemea.

Tulianza na yale makundi ambayo yamesimama vizuri kidogo. Kijana wangu aliyaita B, C na D. Majengo si makubwa kama ya Angkor kule Kambodia, na asiye na subira atasema, ah, kumbe ni hivi tu? Lakini sogea. Kuta ni za matofali mekundu, na juu yake wamechonga watu wenye viganja vilivyokutana kifuani, majani, na wanyama ambao hawapo duniani. Hawakuchonga tofali moja moja kisha wakapanga. Walijenga ukuta kwanza, halafu wakauchonga kama fundi wa milango anavyochonga ubao. Ukikosea huna pa kujificha. Jengo moja, B5, paa lake limejikunja mithili ya mtumbwi. Inasemekana ndimo vilimohifadhiwa vyombo vya ibada.

Ndani ya mnara ni padogo mno. Sisi tuliozoea msikiti na kanisa tunatarajia nafasi ya waumini. Hapa hakuna. Hekalu la namna hii ni chumba cha mungu, si ukumbi wa watu. Kuhani ndiye aliyeingia. Mlango unatazama mashariki. Ukitazama juu unaona matofali yakisogea ndani safu kwa safu hadi yanakaribia kukutana gizani. Sakafuni, pale ambapo jiwe la kati limebaki, kuna mdomo upande mmoja wa kutolea maji. Walikuwa wakimmwagia mungu maji, na maji yale yakitoka yamekuwa matakatifu. Nje kuna kijito kinapita katikati ya bonde. Nikaelewa kwa nini mahali hapa: mlima juu, maji chini, na mungu katikati.

Lakini hilo jina, B5. Nilimuuliza kijana Wacham wenyewe waliliitaje. Akasema hizo herufi ni za Wafaransa.

Ni kweli. Mwaka 1471 mfalme Lê Thánh Tông wa Đại Việt, dola ya Wavietinamu wa kaskazini, aliuteka mji wa Vijaya, na nguvu ya Champa ikavunjika. Wacham wengi wakasukumwa kusini, wengine wakavuka hadi Kambodia. Msitu ukalichukua bonde. Mwaka 1898 Mfaransa mmoja, Camille Paris, akayatangaza magofu hayo kwa wenzake, na miaka ya 1903 na 1904 Henri Parmentier na Charles Carpeaux wakayafyekea, wakayachimba, wakayapima na kuyachora. Ndio waliogawa majengo kwa herufi na namba. Kwa hiyo hekalu ambalo wafalme wawili waligombania kulibandika majina yao, leo mgeni anaoneshwa kama nyumba ya mtaa wa kisasa. Hata hivyo nisimseme vibaya Parmentier. Bila michoro yake tusingejua baadhi ya majengo yalifananaje. Hilo nilikuja kulielewa tulipopanda kwenye kundi A.

Hapo palikuwa na mnara unaoitwa A1. Wataalamu wa sanaa ya Champa waliuhesabu kuwa kilele cha ufundi wote wa Wacham, kiasi kwamba mtindo mzima wa karne ya 10 umepewa jina lake. Ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 20. Uliona wafalme wakija na kuondoka. Ulipita vita vya Wakhmer na vita vya Đại Việt. Ulipita karne nne na zaidi za mizizi ya miti ikiupenya taratibu.

Agosti 1969 ndege za Marekani za B-52 zililipiga bonde hili kwa wiki nzima. Wapiganaji wa upande wa pili walikuwa wamelifanya maficho, na marubani walikuwa juu sana. Toka kule, bonde ni alama kwenye ramani. A1 ikaanguka. Leo ukiuliza mnara uko wapi, unaoneshwa kichuguu cha matofali yenye nyasi, na vipande vya mawe ya mlango. Pembeni mwa njia kuna mashimo ya mabomu, mviringo kabisa, kama visima vilivyokosa maji. Katika jengo mojawapo la kundi D wamepanga sanamu zilizookotwa kwenye vifusi, na pamoja nazo maganda ya mabomu. Shiva asiye na kichwa na ganda la bomu, chumba kimoja. Hakuna maelezo marefu ukutani, na hayahitajiki.

Kuna Mfaransa mwingine, Philippe Stern, aliyekuwa mtaalamu wa jumba la makumbusho la Guimet jijini Paris. Mwaka 1942 alichapisha kitabu kilichopanga sanaa ya Champa kwa mitindo na vipindi. Mtindo wa A1 ni sehemu ya mpangilio wake. Alipopata habari akamwandikia barua Rais Richard Nixon kumlaumu. Januari 1970 ikatoka amri kwa jeshi la Marekani kwamba wajitahidi kuepuka kupiga majengo ya Wacham. Ndiyo, imechelewa. Lakini B, C na D zipo. Nasema hivi kwa wale wanaotuuliza, sisi tunaoandika, barua na makala zinasaidia nini. Wakati mwingine zinasaidia nusu, baada ya nusu nyingine kwenda.

Vita vilipokwisha, bonde likabaki limejaa mabomu ya kutegwa ardhini. Kabla ya kutengeneza chochote ilibidi yateguliwe, na wapo watu waliokufa wakiifanya kazi hiyo. Majina yao sikuyaona popote. Mwaka 1981 akafika msanifu majengo kutoka Poland, Kazimierz Kwiatkowski, ambaye watu wa huku walimwita Kazik. Vietnam ilikuwa na njaa wakati ule, Poland nayo ilikuwa taabani. Yeye na mafundi wa Kivietinamu wakaanza kuokota, kuegemeza, kupanga. Falsafa yake ilikuwa rahisi: shikilia kilichobaki, usijenge kipya cha kudanganya watu. Ndiye pia aliyewashawishi wakubwa kwamba mji wa kale wa Hội An usivunjwe. Alifia kazini mwaka 1997, katika mji wa Huế. Mwaka 1999 Mỹ Sơn na Hội An zote zikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hakuuona mwaka huo.

Baada yake wakaja Waitaliano, walioshughulikia kundi G. Kisha India ikatuma wataalamu wa idara yake ya mambo ya kale, na kuanzia 2017 hadi 2022 wakafanya kazi kwenye makundi H, K na A. Mei 2020, wakiwa wanasafisha hekalu la A10, wakakuta linga kubwa la karne ya 9, la jiwe moja zima. Dunia nzima tulikuwa ndani kwa hofu ya Korona, na huku msituni mungu anatolewa kwenye udongo.

Sasa matofali yenyewe. Kila mgeni anaelezwa siri yake: kati ya tofali na tofali huoni saruji wala chokaa. Unapitisha kidole, ni kama ukuta mzima umeumbwa kwa mkupuo. Watu wamebishana kwa miaka zaidi ya 100. Wapo waliosema walijenga kwa udongo mbichi kisha wakauchoma mnara mzima. Maelezo yanayopendwa zaidi leo ni kwamba walisugua matofali yakabanana barabara, wakayagandisha kwa utomvu wa mti unaoitwa *dầu rái*, mti ambao bado unaota huku na ambao utomvu wake watu hupaka kwenye mitumbwi isipitishe maji. Nilipenda maelezo hayo. Mabaharia wamejenga nyumba ya mungu wao kwa gundi ya mitumbwi.

Kinachoonekana kwa macho, bila maabara, ni hiki: sehemu nyingi zilizotengenezwa miaka ya karibuni zimeshika kuvu ya kijani na chumvi nyeupe, wakati tofali la miaka 1,000 pembeni yake ni jekundu safi. Kijana wangu aliniambia, "Anh, ukitaka kujua lipi jipya, tafuta linalozeeka." Tukacheka, lakini sikuona kama ni utani tu.

Wakati tunashuka nikamuuliza swali lililokuwa likinikera toka asubuhi. Wacham wako wapi?

Wapo. Hawakufa kama vitabu vya zamani vinavyopenda kusema kuhusu watu walioshindwa. Huko Vietnam wako zaidi ya 100,000, wengi kusini, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Baadhi bado ni wa dini ya kale, na kila mwaka, mnamo Oktoba, hufanya sikukuu ya Katê kwenye minara ya kule, kama ule wa Po Klong Garai, ambapo mavazi ya mfalme aliyefanywa mungu huletwa na jirani zao Waraglai waliokabidhiwa kuyatunza. Wengine ni Waislamu, na Wacham wa Kambodia karibu wote ni Waislamu. Wao waliuawa kwa wingi sana wakati wa Pol Pot. Lugha yao ipo. Na hapa msomaji wa pwani yetu akae vizuri: Kicham ni cha ukoo mmoja na Kimalagasi cha Madagaska. Mbili kwa Kicham ni *dua*, kwa Kimalagasi *roa*. Tano ni *lima*, kwa Kimalagasi *dimy*. Hata ngalawa yetu yenye matengo pande mbili, wanahistoria wengi wanaihusisha na mabaharia wa ukoo huo. Nilikwenda kutazama mahekalu ya watu wa mbali, kumbe binamu zao wako ng'ambo tu ya Ngazija.

Mỹ Sơn kwenyewe nilikutana na Wacham jukwaani. Saa nne kamili kuna ngoma kwa ajili ya watalii: wasichana wenye feni, mzee mmoja anapuliza zumari ambayo kwa kufumba macho ungedhani uko Lamu. Alipomaliza, watu wakapiga makofi, wakaenda kununua maji. Sikudharau onyesho lile. Ni ajira, na yule mzee alikuwa bingwa. Lakini nilijiuliza Bhadravarman angelionaje. Mungu wake hamwagiwi tena maji hapa. Wa kumtunza ni Mpolandi, Mtaliano, Mhindi, na kijana wa Kivietinamu, mjukuu wa walioteka. Wenye mahekalu wanakuja kwa ratiba, wanapiga zumari, wanapanda basi. Kwa upande mwingine, masharti ya jiwe hayakusema mtunzaji awe wa kabila gani. Yalisema tu atakayetunza, thawabu ni yake.

Lazima nimalizie na jambo ninalolionea aibu. Kule kundi A, pembeni mwa shimo la bomu, niliokota kipande cha tofali. Hakikuzidi kiberiti. Nilikigeuza, nikaona upande mmoja una mkato wa patasi, labda ni jani, labda ni pindo la nguo ya mtu anayesali. Nikakitia mfukoni. Nilijiambia wamebaki nayo maelfu, nyasi zinayala, mimi nitakiweka mezani nikitazame nikiandika. Nilikuwa nimesafiri na ombi la mfalme kichwani, nalijua karibu kwa moyo, na bado mkono ulikwenda.

Kijana aliona. Hakusema kitu mpaka tulipofika darajani, juu ya kijito. Akasimama, akanyoosha kiganja, wala hakukasirika. "Anh," akasema, "kila mtu anachukua kidogo."

Tukarudi wote wawili hadi juu, dakika kumi na tano, jua limeshakuwa kali. Nilitafuta mahali pale pale lakini nyasi zilikuwa zimeshanichanganya. Nikakiweka chini karibu na vingine, kile kipande chenye mkato kikitazama juu. Yeye akainama, akakigeuza, mkato ukalala upande wa udongo, ili mwingine asikione.